Nyota Isiyo na Bikoni

Niliwahi kumiliki nyota. Siku hizi hati yake imetundikwa sebuleni kwa kaka yangu mkubwa, mjini Embu, juu ya televisheni, na wageni wakimuuliza anawaeleza kama mtu aliyezaliwa nayo. Simkatizi. Nilifundisha jiografia na fizikia kwa miaka ishirini na miwili, na najua kwamba mtu mzima akishajifunza kitu vibaya hakuna chaki ya kumsaidia.

Nyota yenyewe ni ya kweli, na hilo ndilo lililotuponza. Ni jitu la samawati, moja ya zile nyota kubwa kupita kiasi ambazo jua letu likiwekwa kando yake linaonekana kama njegere kando ya sufuria ya harusi. Iko mbali mno. Mwanga wake unaotufikia leo ulitoka huko maelfu ya miaka iliyopita, kabla mtu yeyote hajafikiria kupanda chai Kibugu. Tena haitulii. Inavimba kidogo, inanywea kidogo, na mwanga wake unapanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukitambua. Wataalamu wanakitambua kwa vyombo vyao. Mimi nilikitambua kwa kusoma, kisha nikajisifu nacho, na hapo nitafika.

Nilipewa na wanafunzi wangu. Shule ilikuwa karibu na Makutano, Meru, mahali ambapo malori yalitufundisha sote kuongea kwa sauti ya juu, hata sasa nikiomba chumvi mezani watu hushtuka. Walimu wote walioondoka kabla yangu walipewa blanketi na chupa ya chai. Mimi wasichana wangu wa zamani walijikusanya, wakaingia mtandaoni, wakanunua jina la nyota kutoka kwa kampuni fulani ya ng'ambo. Nikaitwa jukwaani nikakabidhiwa fremu. Ndani yake kulikuwa na karatasi nene yenye kingo za dhahabu, muhuri mwekundu ulioinuka kama upele, utepe, namba ya usajili, na namba nyingine za kuonyesha mahali nyota ilipo angani. Chini kabisa waliandika neno "Mmiliki", halafu majina yangu yote matatu.

Nilijua kwamba kampuni ile haina mamlaka ya kumpa mtu nyota, kama vile mimi sina mamlaka ya kumpa mtu Mlima Kenya. Wataalamu wa anga hawaitambui karatasi hiyo. Nyota ina namba yake katika orodha zao, na jina langu haijawahi kulisikia. Hayo yote nilikuwa nikiyafundisha darasani. Lakini siku ile nililia jukwaani hadi kamasi, na nikasafiri kurudi nyumbani nikiwa nimeikumbatia fremu mapajani kama mtoto mchanga.

Nyumbani ni Kibugu, kwa mama. Ndoa yangu ya Meru ilikuwa imeisha bila kelele, kama saa ya ukutani inavyoishiwa na betri: siku moja unaitazama na kugundua kwamba imesimama kitambo. Makutano waliniita Muembu muda wote niliokaa huko. Niliporudi Kibugu wakaanza kuniita Mmeru. Baba alikuwa amepooza upande mmoja, nikastaafu mapema ili nimuuguze, na nikamuuguza kwa miaka mitatu hadi alipofariki. Kaka zangu wawili walinisifu sana kwa simu. Yule mkubwa alikuwa na ofisi yake mjini Embu na uzee wake wa kanisa. Yule mdogo alikaa hapo hapo juu, kando ya barabara, akichuma majani chai na kulalamika kuhusu mgongo.

Mimi nilijenga chumba cha mbao kule chini, karibu na kijito, mahali mama alipopanda nduma zake, yaani magimbi. Ni kipande chembamba, chenye unyevu, kisichofaa kwa chai. Kuna mistari mitatu ya nduma, mparachichi mmoja, na miti michache ya mikima inayoonyesha mwisho wake. Hicho ndicho nilichokitaka baada ya baba kuondoka. Sikutaka chai yao wala ng'ombe. Nilitaka kipande cha chini kiandikwe jina langu, kwa sababu mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anayekaa kwa hisani ya kaka zake ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Niliogopa kufukuzwa kwa adabu.

Nilipoingia na fremu kwa mara ya kwanza, mama aliipokea kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

"Ni nyota, mama."

Lazima nieleze hapa kwamba katika lugha yetu ya nyumbani neno la kiu linakaribiana sana na nyota ya Kiswahili. Tofauti ni ndogo, na masikio ya mama yameshaacha kujisumbua na tofauti ndogo.

"Watoto wamekupa kiu?"

"Nyota, mama. Ya juu. Ya mbinguni."

"Umewafundisha miaka yote hiyo," alisema kwa huzuni, "wakakupa kiu." Akaenda jikoni akaniletea kikombe cha uji. Tangu siku hiyo akaiita fremu ile "kiu yako", nami nikachoka kumrekebisha, nikaacha. Akaitundika mwenyewe, kwa kusimama juu ya kiti huku mimi nikipiga kelele, kati ya picha ya baba na kalenda ya kanisa, akaipamba juu yake kwa kitambaa alichofuma.

Sasa, watu wa kwetu wakiona karatasi yenye muhuri, utepe na namba ya usajili hawaulizi ni ya nini. Ni karatasi ya shamba. Hakuna karatasi nyingine duniani inayostahili fremu. Jirani wa kwanza aliyekuja kunijulia hali aliisogelea, akasoma namba kwa mdomo, akarudi kukaa akiwa ameinyoosha sketi.

"Mwalimu, kumbe ulikuwa unanunua huko nje polepole," akasema. "Na sisi tukidhani umerudi mikono mitupu."

Nikamweleza kwamba ni nyota. Akanikonyeza. Kufikia Jumapili, Kibugu yote ilijua nina mali ng'ambo na sitaki isemwe. Mchungaji akaniombea, tena kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa "milki ya dada yetu iliyo mbali", kisha akaniita mbele nitoe neno.

Hapa ndipo ninapopaswa kujilaumu mwenyewe. Ningeweza kusema kweli kwa sentensi moja. Lakini nilitazama zile benchi, nikaona wanawake waliokuwa wakinong'ona kwamba nimeachwa na mume, nikaona wanaume waliokuwa wakiniita Mmeru, na wote sasa walikuwa wananitazama kwa heshima ambayo shahada yangu haikuwahi kuniletea. Nikashika maikrofoni nikasema, "Ni kubwa kuliko jua, na namshukuru Mungu." Makofi yalipigwa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akikusanya sadaka, alinitazama kwa makini sana. Nilidhani ni fahari.

Kikao cha kugawa shamba la baba kilifanyika Jumamosi moja ya Julai, saa nne asubuhi, katika ile baridi yetu ya manyunyu ambayo inafanya kila mtu aongee akiwa amekunja mikono kwapani. Tulikuwa wachache sebuleni. Kaka mkubwa alikalia kiti cha baba. Kaka mdogo alikaa karibu na mlango kwa sababu ya mgongo. Mama alikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko la makaa, akimenya nduma za kuchemsha na kutupakulia. Na meza ilikuwa imeachiwa katibu wa ukoo.

Katibu huyo ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mkavu, mwenye kauntabuku ya jalada gumu na stempu ya ukoo aliyojitengenezea. Ana sifa mbili. Kwanza, kumbukumbu zake huandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu, kama anavyosema, Kiingereza kitamwaibisha kwa spelingi na Kiembu hakina uzito wa ofisi. Pili, hafuti. Neno likishaingia katika kitabu chake limeingia. Anasema ukoo ambao katibu wake anafuta utaishia mahakamani, na kwa miaka yote aliyoshika kalamu hakuna aliyemwona na rababa.

Walianza vizuri. Sehemu ya juu, kando ya barabara, yenye chai nzuri, ikaenda kwa kaka mkubwa. Sehemu ya kati, yenye chai na zizi, hadi chini kwenye kijito, ikaenda kwa kaka mdogo. Mama akaandikiwa kukaa katika nyumba yake hadi Mungu atakapomwita. Katibu akaandika, akapuliza wino, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mwalimu?"

Nilikuwa nimejiandaa. Sheria naijua, na katiba iko ndani ya simu yangu, nimeiwekea alama. Lakini ukitoa katiba katika sebule ya mama yako, mbele ya chai na nduma, wewe ndiye unayeonekana umevunja kitu. Nikafungua mdomo niombe kipande cha chini kwa upole.

"Mwalimu si ako na mali yake tayari," kaka mkubwa akasema. "Tena kubwa kuliko yetu sisi wote tukiwekwa pamoja. Alisema mwenyewe kanisani. Ama alikuwa anadanganya madhabahu?"

Alisema kwa upole wa mzee wa kanisa, huku akiniangalia usoni. Nikaelewa kwamba lile jicho la siku ya sadaka halikuwa la fahari. Alikuwa akiweka akiba.

Katibu akainuka, akaishusha fremu ukutani, akaifuta kwa mkono wa koti, akaiweka mezani. Akavaa miwani. "Tuione," akasema. "Namba iko. Muhuri uko. Mmiliki yuko." Akanitazama juu ya miwani. "Hii title iko na ekari ngapi?"

"Haipimwi kwa ekari, mwalimu mkuu. Ni nyota. Ni moto mtupu. Huwezi hata kuisimamia."

"Swali ni ukubwa."

Ningesema sijui. Lakini aliniuliza kama mkaguzi wa shule, na mimi, mbele ya mkaguzi, sijawahi kusema sijui. "Ni kubwa mara nyingi sana kuliko jua," nikasema, "na jua peke yake linaweza kumeza dunia zaidi ya milioni moja." Katibu akaandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza na nikajua ninajichimbia.

"Bikoni ziko wapi?" akauliza kaka mdogo kutoka mlangoni. Bikoni ni yale mawe ya saruji ya mpaka ambayo savea huyazika, na ambayo jirani huyahamisha.

"Hakuna bikoni."

"Na jirani?"

"Hakuna jirani. Nyota iliyo karibu nayo iko mbali kiasi kwamba..."

"Hakuna jirani!" Kaka mdogo alisema kwa wivu wa dhati, kwa maana amekuwa na kesi ya mpaka na jirani yake tangu akiwa kijana, kuhusu upana wa hatua mbili. "Hiyo ni baraka. Hakuna kesi. Mimi ningekubali hata leo."

"Basi tubadilishane," nikasema.

Akatazama dirishani, akakumbuka mgongo wake.

Kaka mkubwa alitaka kujua kama ina njia ya gari. Nikamwambia hata mwanga, ambao hauna kitu cha kuupita kwa mwendo, unachukua maelfu ya miaka kufika kwetu. Nikaongeza, nikiwa nimeanza kupandwa na hasira, kwamba nyota za aina hiyo huishi maisha mafupi na kufa kwa kulipuka, na kwamba pengine hata hii imeshakufa na sisi bado tunaona mwanga wake.

Nilidhani hapo nimewamaliza. Katibu alivua miwani, akaifikiria hoja yangu kwa haki.

"Yaani mwenyewe amekufa lakini bado anaonekana?"

"Inawezekana."

"Hiyo si shida. Title ya hapa tulipo iko kwa jina la babu yenu. Hata baba yenu hakuwahi kuibadilisha. Babu amekufa nikiwa darasa la pili na bado anang'aa kwa ofisi." Kaka zangu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo.

Jambo moja tu lilimsumbua kaka mdogo. Aliwahi kunisikia nikieleza kwamba mwanga wa nyota ile unapanda na kushuka. Sasa, je, ikishuka sana? Je, nikiamka siku moja nikasema sehemu yangu imefifia, nikarudi kudai chai? Walilijadili hilo kwa muda mrefu kuliko walivyojadili sehemu zao zote mbili. Niliwaambia mabadiliko ni madogo mno, jicho haliyaoni. Kaka mkubwa akasema udogo wa leo ndio ukubwa wa kesho, na kwamba yeye ameona kesi nyingi. Mwishowe katibu akaandika, akatusomea kwa sauti ya gwaride la shule:

"Binti wa marehemu amepewa Nyota, pamoja na vyote vilivyomo, mwanga wake ukiwa umepanda au umeshuka, naye hatarudi kudai fidia."

Akageuza kitabu kuelekea kwangu, akaweka kalamu juu yake. Bila sahihi yangu wasingeweza kwenda popote na faili lile, na wote tulijua. Kaka mkubwa alitazama dari. Katibu alichukua kipande kingine cha nduma, kutoka kwenye mistari ile ile ninayoisemea, akakichovya kwenye chumvi. Niliitazama kalamu. Nilihisi kwamba nikikataa nitakuwa yule mwanamke aliyeachika akaja kuvunja nyumba ya mamaye, na nikikubali nitakuwa mgeni hadi kufa kwangu. Machozi yalianza kunijia, na nikayachukia.

Mama alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Tulimchukulia kama hasikii, na kwa kweli mengi hakuyasikia. Akainua kisu.

"Mmempa nini huyu?"

"Nyota, mama," katibu akasema kwa sauti ya juu.

Mama akamtazama. Akamtazama kaka mkubwa, kisha yule mdogo.

"Mmempa mtoto wangu kiu?"

Hakuna aliyemrekebisha.

"Maji yote ya nyumba hii huyachota yeye," mama akasema. "Ya kumwoshea baba yenu alikuwa akiyachota yeye. Hayo mnayokunywa sasa ameyachota leo asubuhi. Nyinyi mmekaa hapo mkaandika kitabu kizima, mkampa kiu."

"Mami, si hivyo," kaka mkubwa akaanza. "Nyota ni ile ya..."

"Kile kipande cha chini ni changu. Baba yenu alinipa nilipoolewa."

Kaka mkubwa akainama mbele, akaongea polepole kama anayemwongelesha mteja. "Mami, sikatai. Lakini karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini? Nilikuwa nalala naye."

Katibu alipaliwa na nduma. Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye leso, akainuka kwa kushikilia ukuta. Akaenda hadi kwenye picha ya baba, akaishusha, akaipangusa, akaikumbatia kifuani. Akachukua shali yake kwenye kiti.

"Unaenda wapi, mami?"

"Kwa huyu. Mimi nakaa na anayenichemshia maji. Kama yeye mmemwandikia huko kwa kiu, na mimi niandikeni huko. Gari la kwenda huko linapita saa ngapi?"

Sijui hadi leo kama alikuwa ameelewa au la. Nimemuuliza mara nyingi na kila mara ananipa jibu lingine. Lakini alivaa shali, akafunga mafundo mawili, akasimama mlangoni kama mtu wa safari, akingoja kaka mdogo ampishe.

"Na siku yangu ikifika," akaongeza, akimgeukia kaka mkubwa, "hema la wageni mlifunge huko huko. Na mchungaji mumwambie njia."

Niliona uso wa kaka mkubwa. Alikuwa anaona kanisa lote, wazee wenzake wakiwa na suti nyeusi, na tangazo la mazishi likiuliza marehemu atazikwa wapi. Akashika paji la uso. Kaka mdogo ndiye aliyesema kwanza, bila kunitazama, "Kile cha chini hata chai haishiki. Mimi huko huwa siendi. Sina neno."

"Basi futa," kaka mkubwa akamwambia katibu kwa hasira.

Katibu akashtuka kana kwamba ameambiwa avue suruali. "Mimi sifuti."

"Sasa itakuwaje? Umeandika amepewa nyota."

Katibu aliisoma tena sentensi yake. Manyunyu yalikuwa yakigonga mabati. Kisha uso wake ukang'aa kwa furaha ya mwalimu aliyepata jibu ambalo halimo katika kitabu cha majibu. Akaandika chini ya sentensi yake, akitamka kila neno: "Nyota ni jina la kipande cha chini, kuanzia mikima hadi kijito, penye nduma." Akapuliza. "Nimefuta nini? Sijafuta kitu."

"Kwa jina la nani?" katibu akauliza, kalamu ikiwa hewani.

"La mama," nikasema. "Na langu chini yake."

Kaka mkubwa akasema haijawahi kutokea. Katibu akasema hata nyota kugawiwa haikuwa imewahi kutokea, na akaandika. Nikatia sahihi. Mama akatia kidole gumba, akiwa bado amevaa shali na picha ya baba kwapani.

Faili lilianza safari yake ya ofisini, na ya huko nitayaacha, kwa maana hayana mwisho mzuri wa kusimulia wala hayana mwanzo. Januari ilipofika ukungu ulituachia anga kwa siku kadhaa. Jioni moja, baada ya kukamua, mama akaniambia anataka kuiona ile kiu yangu, kwa vile nusura ahamie huko. Nikamweka nje kwenye kigoda, nikamfunika blanketi. Nilimwonyesha zile nyota tatu zilizopangana mstari, ambazo anazijua tangu utotoni, kisha nikamwelekeza kutoka hapo kwenda kaskazini, hadi kwenye nukta hafifu.

"Siioni," akasema.

"Fuata kidole changu."

"Naona kidole." Alijaribu tena, akikunja uso. "Siioni. Lakini nakuamini. Hata baba yako aliponiambia kipande kile ni changu sikuona kitu. Nilimwamini tu. Nimelima zaidi ya miaka hamsini kwa kumwamini."

Nilijifanya naendelea kutafuta nyota.

Hati ilitoka mwaka uliofuata. Kaka mkubwa ndiye aliyeileta kutoka mjini, ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka mezani, akanywa chai, akasafisha koo.

"Sasa mwalimu, kwa vile umepata shamba, ile nyota nyingine, ile yenyewe, nadhani sasa ni ya familia. Tugawane watatu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekuja na katibu. Kaka mdogo, alipopigiwa simu, alisema yeye ya kwake wamchukulie, kwamba kitu kinachozimika-zimika hakitaki. Nikamwambia kaka mkubwa achukue yote. Alinishukuru kwa machozi, akaifunga kwa shuka, akaibeba kwa mikono miwili hadi kwenye gari. Sikuhisi uchungu. Nilichohisi ni kwamba nimemwonea kidogo.

Ukutani ukabaki msumari na alama nyeupe ya fremu. Mama akataka hati mpya iwekwe hapo, nayo ipambwe kitambaa. Kabla sijaiweka alinikalisha karibu yake, akaiweka karatasi mapajani. Mama hakwenda shule. Aliipitisha mkono juu ya maandishi kama anavyopapasa unga kutafuta mawe.

"Jina langu ni lipi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka hapo.

Akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Hili naliona," akasema.

Nikapanda kwenye kiti niitundike. Akaniambia hapana, huko juu hafiki. Nikang'oa ule msumari, nikaupiga chini, usawa wa kigoda chake.